Matawi Yasiyo na Mwenyewe

Baba aliniachia ekari 11 nje kidogo ya mji wa Njombe, na zaidi ya nusu yake ilikuwa miwati iliyojiotea hadi ikaziba njia. Wasomaji wa mikoa mingine huenda hawaujui mti huu. Asili yake ni Australia, uliletwa kwetu kwa ajili ya magome yake yenye tanini ya kusindikia ngozi, na Kampuni ya Miwati ya Tanganyika, ambayo hapa kila mtu anaiita TANWAT, ilianzishwa mwaka 1949. Wazee wetu waliupanda mipakani na kwenye miteremko ili wapate magome ya kuuza na kuni za kupikia. Kisha zikaja parachichi za Hass, watu wakahamia huko, na miwati ikaachwa ijiendee. Nilipostaafu ualimu niliamua kuiondoa kidogo kidogo na kupanda miparachichi, nikidhani kwamba kazi ngumu ingekuwa kuangusha miti.

Kuangusha miti kulichukua siku tisa. Kijana mwenye chenso alikata, wachoma mkaa wakaja kuchagua, mwenye tanuri la matofali akachukua magogo, mafundi wa kuezeka wakapata fito na nguzo, na kina mama wa jirani wakabeba kuni mpaka zile zenye unene wa kifundo cha mkono. Katika wiki mbili kila kipande kinene kilikuwa kimepata mwenyewe. Kilichobaki ni matawi: marundo yaliyonizidi kimo, yaliyosokotana kiasi kwamba ukivuta tawi moja unavuta kumi, na ambayo hakuna mtu aliyeyataka hata kwa bure. Nilianza kutafuta mashine ya kuyamaliza marundo hayo, na naandika kwa urefu kwa sababu nilikaribia sana kununua isiyofaa, na najua wenzangu wengi wa Nyanda za Juu Kusini wako kwenye hatua ileile.

Ekari ya kwanza niliichoma, kama tulivyozoea. Nilipata kibali cha kijiji, nikafyeka njia ya kuzuia moto, nikachoma alfajiri pasipo na upepo, na moto haukutoka. Hasara ilikuja na mvua. Mbegu ya mwati ina ganda gumu linaloiwezesha kukaa ardhini miaka mingi bila kuota, na joto la moto ni miongoni mwa vitu vinavyolipasua ganda hilo. Kwa hiyo kila mahali palipokuwa na rundo pakaota miche ya miwati iliyobanana kama mchicha kitaluni, wakati sehemu ambazo hazikupitiwa na moto zilikuwa na miche ya kuhesabika. Tuliing'oa kwa mikono misimu miwili mfululizo. Isitoshe, upande wa chini nimepakana na misindano ya jirani, na anayeujua upepo wa Septemba wa kwetu ataelewa kwa nini sikuweza tena kulala baada ya kuwasha moto mita 60 kutoka kwenye akiba ya uzeeni ya mtu mwingine.

Trekta nilikuwa nalo tayari, Massey Ferguson 240 la zamani, na hilo lilinifanya nitafute mashine inayoendeshwa na shafti ya PTO, yaani ile inayotoa nguvu ya injini ya trekta na kuipeleka kwenye mashine iliyofungwa nyuma, badala ya ile yenye injini yake. Sababu yangu ilikuwa rahisi: injini ya pili ni oili ya pili, chujio za pili, na fundi wa pili. Mashine za aina hii, zinazokatakata matawi kuwa chenga, yaani vipande vidogo vya mbao, mafundi wengi siku hizi huziita chipa. Ni muhimu kuzitofautisha na mashine za kukatia majani ya ng'ombe, ambazo karakana zetu zinazitengeneza vizuri na kwa bei nafuu, kwa maana zaidi ya mtu mmoja alitaka kuniuzia mashine hiyo ya majani akiniahidi kwamba itakata matawi pia. Nyingi ya hizo zina nyundo au visu vyembamba vilivyokusudiwa mabua ya mahindi na majani ya tembo. Ukizilisha tawi bichi la mwati lenye unene wa sentimita tano, nyundo hulipondaponda na kulichana nyuzi, nyuzi zikazunguka ekseli, na kazi ikasimama.

Muuzaji wa kwanza niliyezungumza naye alikuwa mchangamfu na mwenye subira, na hoja yake ilinikaa kichwani kwa wiki nzima. «Mwalimu,» aliniambia, «chukua kubwa. Kubwa inafanya kazi ya ndogo, lakini ndogo haiwezi kufanya ya kubwa.» Kubwa aliyoisema ilikuwa ya kumeza gogo lenye unene wa sentimita 20. Ni hoja inayoingia akilini upesi, na ndiyo maana inapaswa kupimwa shambani kabla ya kukubaliwa.

Nilimwomba mpwa wangu anisaidie kuipima. Tulikata waya wa kufungia nondo, tukatengeneza pete tatu: moja ya sentimita 5, nyingine ya 8, na ya tatu ya 12. Tukasimama kwenye rundo moja tukachomoa matawi 100 jinsi yalivyokuja, bila kuchagua, na kila tawi tukalipitisha kwenye pete upande wa shina lake. Matawi 61 yalipita kwenye pete ndogo. Mengine 29 yakapita kwenye ya kati. Tisa yakapita kwenye kubwa. Moja halikupita popote, na tulipoliweka kando, mama jirani aliyekuwa akipita na ndoo ya maji aliuliza kama anaweza kulichukua. Nilimkabidhi. Mpwa wangu alinitazama akasema, «Mjomba, hiyo mashine ya sentimita 20 itakata nini?»

Swali hilo ndilo ninalotaka kila mnunuzi ajiulize akiwa amesimama mbele ya rundo lake mwenyewe. Mashine za kumeza magogo zimebuniwa mahali ambapo mti ulioanguka ni taka kuanzia kwenye shina hadi kwenye kilele, na mwenye nao analipa ili uondolewe. Kwetu sivyo. Kwetu unene ni mali: ni kuni, ni mkaa, ni nguzo ya uzio, ni mhimili wa banda la ng'ombe. Kinachohitaji mashine ni kile tu ambacho hakina mwenyewe, na hicho karibu chote kina unene usiofika sentimita 10. Kununua uwezo wa sentimita 20 ni kulipia uwezo wa kusaga kitu ambacho jirani angekibeba kichwani kwa furaha.

Hata hivyo unene wa tawi si kipimo pekee, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Tawi la mwati lenye unene wa sentimita sita kwenye shina linaweza kuwa limetanuka mita mbili huko mbele, lenye panda baada ya panda. Mashine mbili zinaweza kuandikiwa sentimita 12 kwenye karatasi, moja ikiwa na koo, yaani nafasi ambamo tawi hupita kwenda kwenye visu, la mraba la 12 kwa 12, na nyingine ikiwa na koo la 12 kwa 25. Ya kwanza itakulazimisha kuweka mtu mwenye panga akate kila panda kabla ya kulisha. Ya pili italimeza tawi zima likiwa limejikunja kama mwavuli. Nilipoliona jambo hili kwa macho yangu kwenye shamba la rafiki aliyekodi mashine, niliacha kabisa kuuliza unene na nikaanza kuuliza upana wa koo.

Sambamba na koo kuna suala la kuvuta. Mashine rahisi kabisa haina cha kuvutia: visu vyenyewe ndivyo vinavyonyakua tawi, na mtu analisukuma kwa mkono. Kwa vijiti vilivyonyooka inatosha, lakini kwa vichaka vyenye panda ni kazi ya kuvunja mgongo, na mbaya zaidi humfanya mtu asukume kwa nguvu karibu na mdomo wa mashine. Mashine zenye rola za haidroliki hushika tawi kwa meno na kulivuta kwa mwendo sawa, na zilizo bora zina kidhibiti kinachosimamisha rola kila mzunguko wa visu unaposhuka, kikasubiri injini ipumue, kikaanza tena. Rola zinaongeza bei, zinaongeza mipira ya mafuta ya kutunza, na bado nasema kwamba kwa mtu mwenye vichaka ndicho kitu cha kwanza cha kulipia. Ni afadhali koo pana na rola kwenye mashine ndogo kuliko mashine kubwa isiyovuta.

Nije kwenye nguvu, kwa sababu ni hapa hoja ya muuzaji ilipoanguka kabisa. Trekta langu linauzwa kwa jina la hosipawa zinazokaribia 50, lakini hizo ni za injini. Zinazofika kwenye shafti ya PTO, baada ya gia na pampu kuchukua chao, ni zaidi kidogo ya 40. Hiyo nayo ni hesabu ya nchi tambarare. Njombe iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 unazopanda. Ukifanya hesabu hiyo, zile 40 na kitu zinabaki kama 33, na injini yangu si mpya. Mashine ya sentimita 20 iliyokuwa ikinadiwa ilitaka hosipawa 60 kwenye shafti. Mashine nyingi za sentimita 12 hutaka kati ya 20 na 35. Hakuna muuzaji hata mmoja kati ya niliozungumza nao aliyeniuliza shamba langu liko mwinuko gani, na sidhani kwamba walikuwa na nia mbaya. Ni kwamba karatasi wanazozisoma hazikuandikwa kwa ajili ya mtu anayelima mlimani.

Mashine yenye njaa ya nguvu hufa polepole. Visu vikipunguza mwendo haviwezi tena kukata, vinapiga. Vipande vinavyotoka vinabadilika kutoka chenga safi kuwa nyuzi ndefu, nyuzi zinaziba shingo ya kutolea, mkanda unateleza na kunuka, na injini inapanda joto. Mtu akiona hayo hudhani visu ni butu, akanoa, akarudi, hali ikawa ileile.

Kuhusu mwendo wa shafti sina mengi ya kusema. Matrekta mengi ya umri na ukubwa wa langu yana shafti ya meno sita inayozunguka mara 540 kwa dakika, na mashine ya mizunguko 1,000 haifai kufungwa humo hata kama mtu anakuahidi kukutengenezea kiunganishi. Jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini ni jinsi mzunguko huo unavyofika kwenye visu. Baadhi ya mashine huunganisha shafti moja kwa moja na flaiwili, yaani sahani nzito ya chuma iliyobeba visu. Nyingine hupitisha kwenye mikanda au giaboksi ili visu vizunguke kwa kasi zaidi. Zile za moja kwa moja zina vitu vichache vya kuharibika na uzito wa sahani huzisaidia kuvuka fundo la mti bila kuyumba. Zile za mikanda hutoa chenga ndogo zaidi. Kama unachagua za mikanda, soma namba zilizoandikwa kwenye mkanda wenyewe, kisha nenda nayo kwenye duka linalouza vipuri vya mashine za kusaga mahindi. Ikiwa mkanda huo upo rafuni, na namba ya beringi pia ipo, umenunua mashine utakayoweza kuitunza. Ikiwa muuza duka hajawahi kuiona namba hiyo, kila itakapokatika utakuwa unasubiri basi la Dar es Salaam.

Visu ninavizungumzia kwa uchungu, kwa sababu vya kwanza viliharibiwa nikitazama. Mashine niliyoichagua hatimaye, iliyotumika, ya sentimita 12, yenye koo la upana wa 25 na rola mbili, ilikuja na visu vinne vyenye makali pande zote mbili. Vilipopungua makali nilivipeleka kwa fundi mmoja mjini, mtu anayeaminika kwa kuchomelea, naye akavinoa kwa grainda ya mkononi. Niliona makali yakigeuka rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha bluu kama mgongo wa nzi wa kijani, na sikujua ninachokiona. Bluu hiyo ni chuma kupoteza ugumu wake. Siku iliyofuata visu vyote vinne vilikunja makali kabla ya saa nne asubuhi, kama bati. Sasa nanoa mwenyewe kwa jiwe na maji, nikifuata pembe ileile ya kiwandani, na baada ya kunoa navipima kwenye mizani ya dukani viwili viwili, kwani kisu kilichopungua uzito kuliko mwenzake huitikisa sahani nzima na kuua beringi. Kisha narudisha nafasi kati ya kisu kinachozunguka na kile cha chini kisichozunguka katika kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine, ambacho kwangu ni milimita moja na nusu. Napima kwa kipande cha chuma chembamba cha kupimia nafasi, pembe zote mbili, huku flaiwili imefungwa isizunguke.

Makali hayo yana adui mmoja mkubwa kuliko wote, nao ni mchanga. Tawi lililoburutwa kwenye udongo mwekundu wa Njombe baada ya mvua linabeba changarawe kwenye gome lake, na mzigo mmoja wa trela wa matawi kama hayo unaharibu makali kuliko siku tatu za matawi safi. Tunayabeba siku hizi, hatuyaburuti. Tunayakata pia yakiwa mabichi, ndani ya wiki mbili tangu mti uanguke, kwa maana mwati uliokauka ni mgumu kama mfupa na unalia kwenye mashine kwa sauti isiyovumilika.

Kuna jambo moja ambalo lingetosha kuwa makala peke yake. Shafti inayozunguka mara 540 kwa dakika inazunguka mara tisa kwa sekunde. Chukua shafti yenye unene wa sentimita saba, izungushie khanga, na katika sekunde moja itakuwa imekunja karibu mita mbili za kitambaa, yaani zaidi ya upana wa khanga nzima, kabla mvaaji hajafungua kinywa kupiga kelele. Sisi wa Njombe tuna hatari yetu ya pekee, kwa kuwa Juni na Julai asubuhi huwa na baridi ya kuganda, na vijana hufika kazini na makoti makubwa ya mitumba yenye kamba za kukazia kofia zinazoning'inia kifuani. Siku ya pili ya kazi niliona kamba moja kama hiyo ikipepea umbali wa shibri moja kutoka kwenye kiungo cha shafti ambacho kifuniko chake cha plastiki kilikuwa kimepasuka. Nilizima trekta. Hatukuwasha tena hadi kesho yake, kifuniko kipya kilipopatikana. Tangu siku hiyo makoti na skafu hutundikwa kwenye mti mita 20 kutoka kwenye mashine, na anayesikia baridi anaota moto wa jiko la chai kwanza. Mtu yeyote anayenunua mashine iliyotumika aanze ukaguzi wake hapo, kwenye vifuniko vya shafti, na asikubali kupunguziwa bei badala ya kupewa vifuniko.

Urefu wa shafti nao ukaguliwe trekta likiwa limeunganishwa na mashine ikiwa imeinuliwa na kushushwa, kwa sababu bomba mbili zinazoingiana zikiwa ndefu mno zitasukuma na kuvunja beringi za trekta, na zikiwa fupi mno zitachomoka zikiwa kwenye mwendo. Zinapaswa kupishana angalau theluthi moja. Bolti ya kukatika iliyo kwenye shafti imewekwa ili ikatike. Ikikatika, rudisha ya daraja lilelile, na usimsikilize anayekushauri kuweka ngumu zaidi, kwani baada ya hapo kitakachokatika ni giaboksi. Na PTO ikishazimwa, flaiwili inaendelea kuzunguka kwa uzito wake kwa muda ambao mwenye haraka hausubiri. Tunasubiri mpaka kimya.

Chenga zenyewe ndizo zilizonipa furaha ambayo sikuitarajia. Mizizi ya mparachichi inayolisha mti iko juu juu, kwenye sentimita chache za kwanza za udongo, na inapenda kufunikwa. Tunatandaza chenga kwa unene wa sentimita saba hadi kumi chini ya kivuli cha mti, tukiacha nafasi ya shibri moja kuzunguka shina ili gome lisioze. Hatuzichanganyi na udongo, kwa sababu vijidudu vinavyoozesha mbao vikiwa ndani ya udongo huila naitrojeni ambayo mti unaihitaji. Zikikaa juu hazidhuru. Udongo wenye uhai mwingi chini ya matandazo pia humpa mti nafuu dhidi ya Phytophthora cinnamomi, kimelea kinachoozesha mizizi ya miparachichi, ingawa shamba linalotuamisha maji halitaokolewa na chenga. Chenga za mikaratusi naziweka peke yake zioze kwanza. Na matawi ya miwati yenye maganda yaliyokomaa siyatii kwenye mashine kabisa, kwa kuwa mbegu zake ni ndogo na nyingi hupita kati ya visu zikiwa nzima.

Kwa sasa tunamaliza rundo moja kubwa kwa asubuhi moja, watu watatu, na trekta linakunywa lita tano hadi sita za dizeli kwa saa tukiwa tumelisha bila kusimama. Nimebakiwa na marundo 14. Wiki iliyopita mama jirani, yuleyule aliyebeba lile tawi moja, alikuja na magunia mawili na binti yake. Alikuwa amesikia kwamba chenga zinafaa kutandikwa kwenye banda la kuku badala ya pumba, na aliuliza kwa heshima sana kama zina mwenyewe. Tulimjazia magunia yote mawili, tukamwonya asichukue zile za chini zilizoanza kuota ukungu, na jioni mpwa wangu aliandika jina lake kwenye daftari pamoja na majina mengine matano ya watu waliokwisha kuulizia rundo linalofuata.